Kipira Ndani ya Kopo la Tumbaku

Haya nimeyapata kwa Bureimoa mwenyewe, mdogo wa marehemu mume wangu. Alinisimulia mwaka ule tulipoezeka upya jumba la mikutano, siku ya mvua ambayo wanaume walishindwa kupanda paani, tukakaa chini kuchambua majani ya mkadi. Mengine niliyaona kwa macho yangu, maana nilikuwa ufukweni walipoondoka na nilikuwa ufukweni waliporudi. Nilimuuliza kama naweza kuyaandika. Akasema, "Andika, shemeji. Ila usinipambe."

Basi simpambi. Kipira kile kilikuwa ndani ya kopo tangu mwanzo. Nalisema hilo mapema, nisije nami nikaonekana nimekificha.

Mashine ya boti ya familia yao iliharibika mwezi wa tisa. Ilinyonya mchanga kwenye maji mafupi karibu na mwamba, kipira cha pampu ya maji kikanyofoka mabawa, ikaacha kukojoa, ikachemka mpaka rangi ya kifuniko ikafura. Mashine ikiwa nzima hutoa kamkojo kembamba ubavuni, ndiyo maji yanayoipoza. Ukiona mkojo umekatika, zima haraka, au jiandae kuizika.

Mama yao, Nei Tibwere (Nei kwetu ni kama Bi), akawaita wanawe wajadili: watengeneze, au wauze nguruwe na mbata wanunue mpya?

Bureimoa akasema mpya. "Hii imekula chumvi miaka kumi na moja, mama. Mnyama amekufa, nyinyi mnatafuta viatu vya kumvisha."

Ruateki, mume wa Nei Taoriba, dada yake Bureimoa, akasema watengeneze. "Moyo wake mzima kabisa. Imekosa kipira tu, hakizidi kiganja cha mtoto."

Ukweli ni kwamba Bureimoa hakuwa na haja na mashine mpya. Alichotaka ni Ruateki asiitengeneze ile ya zamani.

Kabla Ruateki hajaja kuoa kisiwani kwetu Maiana, kila mashine iliyougua upande wetu wa kusini ilipelekwa bandani kwa Bureimoa. Halafu akaja huyu kijana wa kisiwa cha Nonouti, mpole, mcheshi, mwenye vidole vinavyosikia kama masikio. Watu wakaanza kupita mlangoni kwa Bureimoa wamebeba mashine mabegani, wanamsalimu vizuri, wanaendelea mpaka kwa Ruateki. Hata mama yake mzazi cherehani ilipokwama alimwita mkwe. Na siku mama alipompa Ruateki kichwa cha samaki, fungu la heshima, mbele ya watu wote, Bureimoa alikula mkia wake bila kuujua ladha.

Nei Tibwere akakata shauri. "Kipira kikipatikana, tutatengeneza. Kisipopatikana, nguruwe wataondoka."

Ruateki akazunguka nyumba kwa nyumba. Kwetu ndugu akija akakaa ukingoni mwa mkeka wako akasema nakuomba, unatoa. Kukataa ni aibu isiyofutika. Ndiyo maana watu huficha. Bureimoa alikuwa na sanduku zima darini, limejaa vitu ambavyo hakuna aliyejua anavyo, na ndani ya kopo la tumbaku alikuwa na kipira kipya cha mashine ileile, kimefungwa bado kwenye karatasi yake. Alipewa na fundi wa meli miaka mingi nyuma.

Ruateki akaja, akakaa ukingoni mwa mkeka, akakunja miguu. "Shemeji, nimekuja kukuomba. Kama una kipira cha pampu, nakuomba."

"Sina," akasema Bureimoa. "Ningekuwa nacho ningekunyima wewe?"

Kopo lilikuwa juu ya kichwa chake, limechomekwa kwenye makuti.

Ruateki hakulalamika. Alikata kipira kutoka kwenye soli ya kandambili lake la kulia, bawa moja moja, kwa wembe, siku mbili. Akakifunga, akavuta kamba. Mashine ikalia, halafu ikakojoa. Watoto walipiga kelele kama wameona nyangumi. Nei Taoriba alimfuta mumewe jasho kwa ncha ya shuka lake, na Bureimoa aliyaona hayo yote akiwa kwenye kivuli cha banda lake, akajua hawezi kulala.

Mama akasema Ruateki na mkewe waende Tarawa, kisiwa kikuu, na mashine ikiwa bado ina nguvu, wakatafute kipira cha kweli madukani, na bei ya mashine mpya waiulize pia. Bureimoa akasema anakwenda nao. Kila mtu alifurahi kumwona ameacha kununa. Kumbe alikuwa na hesabu yake. Soli ya kandambili, aliwaza, haivuki mwamba. Itakatika hapo hapo, tukiwaona watu ufukweni, Ruateki atakuna kichwa, ndipo mimi nitoe kopo. Nitasema nilikisahau. Wote wataona ni nani fundi.

Lakini kipira cha kandambili kilivuka mwamba. Kikaenda saa nzima. Kisiwa kikashuka nyuma yao mpaka minazi ikawa kama nywele juu ya maji, kisha hakuna kitu. Ruateki alikuwa ameshika usukani akipiga mluzi, na kila Bureimoa alipoutazama mkojo ule ukitoka ubavuni, aliuombea ukauke.

Ukakauka pale tufani ilipowakuta.

Ilitoka mashariki, nyeusi chini, nyeupe kwenye mdomo wake. Upepo uliipiga boti ubavuni ikalala, maji yakaingia kwa ndoo. Ruateki akaigeuza pua ielekee mawimbi, mashine ikanguruma kwa nguvu zote, halafu ikatoa harufu ya kitu kinachoungua.

"Haikojoi," akapaza sauti Nei Taoriba.

"Najua. Nazima."

"Ukizima tutapinduka."

"Nisipozima itakufa."

Akazima. Kifuniko cha mashine kilikuwa kimefunguka ndoano moja. Nei Taoriba akakishika kisiruke, wimbi likakisukuma, makali yake yakampasua kiganja kuanzia kidole gumba. Hakulia. Alikaa juu ya mkono wake kama anakalia pesa, akaendelea kukumba maji kwa mkono mwingine. Wakakumba wote watatu, kwa ndoo, kwa sufuria, kwa kopo la maziwa, mpaka tufani ikapita na jua likazama, nao wakabaki katikati ya maji wakiyumba. Simu ya Nei Taoriba ilikuwa imelowa. Kafi lilikuwa moja. Upepo ulisukuma magharibi, mkondo nao ulivuta magharibi, na upande huo hakuna nchi ya kufikiwa na watu wenye dumu moja la maji na nazi sita.

Asubuhi yake, Ijumaa, Bureimoa alitia mkono kwenye mfuko wake. Aliniapia kwamba alishalishika kopo. Bado kidogo aseme.

Ruateki akasema, "Kipira kimekatika chote. Ah, ningekuwa na cha kweli. Hata Bureimoa hana, na yeye huweka mpaka kamba za viatu."

"Kaka yangu angekuwa nacho angekupa siku ile ile," akasema Nei Taoriba. "Mchoyo, ndiyo. Mwongo, hapana."

Bureimoa akatoa mkono mfukoni, mtupu.

"Kandambili lako nene kuliko langu, shemeji," akasema Ruateki. "Nakuomba."

Hilo alilitoa. Alikaa mguu mmoja pekupeku akimtazama mwenzake anakata mabawa, boti ikipanda na kushuka, wembe haukosei. Waliipandisha mashine ndani, wakailaza juu ya turubai, wakafungua mguu wake, bolti nne, wakafunga kile cha kandambili, wakairudisha nyuma ya boti. Ikawaka. Ikakojoa. Nei Taoriba alicheka, midomo ikapasuka, akacheka tu. Alisema, "Nimeolewa na mchawi."

Neno hilo lilimkaa Bureimoa kooni kama mwiba wa samaki. Angesema lipi baada ya hapo?

Ikaenda dakika ishirini. Halafu mkojo ukakatika, na safari hii wembe nao ukateleza baharini wakati Ruateki anafungua. Hapakuwa na kitu tena cha kukatia.

"Tutandike turubai kama tanga?" akauliza Nei Taoriba.

"Litatupeleka magharibi tu," akasema Ruateki. "Tujifunike nalo. Jua litatumaliza kabla ya kiu."

Mchana ule walilala chini ya turubai. Mkono wa Nei Taoriba ulianza kuvimba. Waliuosha kwa maji ya bahari, wakaufunga kwa kipande cha shuka. Maji ya kunywa yeye ndiye aliyagawa, kwa kifuniko cha dumu, na Bureimoa alihesabu mafunda. Matatu yake, matatu ya Ruateki. Mara moja akadhani ameona manne. "Shemeji," aliniambia, "tulikuwa tunakufa, na mimi nahesabu dada yangu amempa nani zaidi. Ruateki alimtania kuwa sasa amekuwa mwembamba kama siku alipomposa, naye akacheka. Nikasema moyoni, hata kufa wanakufa pamoja, mimi nakufa peke yangu."

Jumamosi kulipopambazuka Ruateki alisimama akitazama mashariki, kamba ameizungusha kiunoni asije akaanguka. Mbali kabisa palikuwa na wingu moja lililosimama wakati mengine yanatembea. Tumboni mwake palikuwa na ukijani hafifu, ule unaopakwa na maji mafupi ya ndani ya mwamba wetu.

"Maiana ile," akasema.

"Nimeiona," akasema Bureimoa.

"Jana ukijani ulikuwa mwingi. Kesho hatutauona."

Nei Taoriba alikuwa amelala. Akauliza bila kufungua macho, "Petroli ipo?"

"Dumu moja, na kidogo kwenye tangi."

"Inafika?"

"Leo, ndiyo. Kama mashine ingekuwa nzima. Kesho tutakuwa tumesogea mno."

Bureimoa akamtazama dada yake. Wekundu ulikuwa umepanda kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, na vidole vilikuwa vinene kama vya mtu mwingine. Akafungua mfuko. Akafungua kopo. Upepo ukaichukua tumbaku yote ikaruka juu ya maji, na chini yake kikabaki kipira, cheusi, kipya, ndani ya karatasi yake.

Nei Taoriba alifungua macho, akakiona.

"Hicho kimetoka wapi?"

"Nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuja kuniomba."

Akamnyoshea Ruateki. Ruateki hakupokea.

"Kirudishe kwenye kopo," akasema. "Funika."

Bureimoa alidhani amekasirika mpaka yuko tayari wafe wote. Akafunika. Ruateki akashuka polepole kutoka kwenye ubao, akakaa ukingoni mwa turubai, akakunja miguu, akapangusa chumvi usoni kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kukuomba. Mashine yetu imekosa kipira cha pampu. Kama unacho, nakuomba."

Bureimoa akafungua kopo tena.

"Ninacho," akasema. "Chukua. Ni chako."

"Ahsante. Sasa kifunge wewe. Mikono yangu inatetemeka."

Bureimoa aliitazama mikono ile. Haikutetemeka hata kidogo, imetulia kama nguzo. Aliniambia kwamba kwa hilo nalo alimchukia. Alisema, "Hata wema amenishinda."

Waliipandisha mashine. Bolti nne, Ruateki akazipokea moja moja akazitia kwenye kopo. Ndani ya pampu kuna kijichuma kidogo, hakifiki ukucha, ndicho kinachokishika kipira kwenye mhimili kizunguke nao. Kikianguka baharini, basi yote bure. Bureimoa akakiweka chini ya ulimi ili kisipotee, akaanza kusafisha mchanga na vipande vya kandambili.

Ndipo Nei Taoriba alipoanza kusema. Alikuwa amejigeuza, amempa kaka yake mgongo, anaongea na bahari.

"Nilimwambia mama, Bureimoa ana moyo mkavu lakini mdomo wake safi. Nimesema hivyo mbele ya watu. Jana nimesema tena, hapa hapa, naye ananisikiliza. Umekaa nacho siku mbili. Umeniona nakunywa kifuniko cha maji. Umeniona mkono huu. Ulikuwa unangoja nini, Bureimoa? Ungetuzika nacho mfukoni?"

Hakuweza kujibu. Kijichuma kilikuwa chini ya ulimi.

"Sema basi."

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta, yote miwili imo ndani ya mashine.

"Muache," akasema Ruateki. "Ana chuma mdomoni."

"Najua ana chuma mdomoni. Ndiyo maana nasema sasa."

Alipomaliza kusafisha alitema kijichuma kwenye kiganja, akakibana mahali pake, akasukuma kipira mpaka mabawa yakalala upande mmoja kama inavyotakiwa. Akafunga bolti nne. Wakaibana mashine nyuma ya boti. Bureimoa akavuta kamba mara moja, mara mbili, mara ya tatu mkono ukamwishia nguvu. Ruateki akaweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake, wakavuta pamoja.

Ikawaka. Wakatazama ubavuni, wote watatu, hata yule aliyekuwa amegeuka. Hakikutoka kitu. Halafu tone. Halafu kamkojo, kembamba, kasichokatika.

"Twende polepole," akasema Bureimoa. "Tukikimbia petroli haifiki."

Waliliweka wingu lile mbele ya pua ya boti. Upepo ulikuwa usoni, mawimbi yalikuwa yanapiga chini kama ngumi. Saa sita maji ya kunywa yakaisha. Kifuniko cha mwisho Nei Taoriba alikigawa mafunda mawili mawili, na ya kaka yake alimpa bila kumtazama. Saa nane wakaona shakwe wanaorudi na samaki mdomoni. Saa tisa minazi. Petroli iliisha wakiwa nje ya mwamba, wakati mitumbwi yetu ilikuwa imeshawaona na inakuja.

Mimi nilikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Nei Taoriba tulimbeba. Muuguzi alikaa naye usiku kucha, akauokoa mkono, ila kidole gumba hakikunji sawasawa mpaka leo.

Wazee waliizunguka mashine. Mmoja akauliza, "Kipira mmekipata wapi katikati ya bahari?"

Ruateki akajibu, "Nilimwomba shemeji, akanipa. Na yeye ndiye aliyekifunga."

Basi watu wakamshika Bureimoa mabega. Wakasema mkono wake haujazeeka. Walisema yale yote aliyotamani kuyasikia kwa miaka saba, na mama yake akalia shingoni mwake. Angeweza kuyabeba hayo akaenda nayo nyumbani. Ruateki asingemkana. Nei Taoriba alikuwa kitandani.

Kesho yake, Jumapili, baada ya kanisa, Nei Tibwere alituita tena, na swali lilikuwa lilelile.

"Tununue mpya, mama," akasema Ruateki. "Mimi nimechoka na kandambili."

"Tutengeneze," akasema Bureimoa. "Moyo wake mzima."

Watu wakacheka, maana wamebadilishana maneno. Bureimoa hakucheka. Akasimama, akasema ya kopo. Alisema kuanzia makuti mpaka tumbaku iliyoruka, hakuacha hata la mafunda. Mama yake alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Mwishowe akasema, "Mashine itatengenezwa. Nyinyi wawili nanyi mtatengenezwa. Kama ningejua duka linalouza wakwe na wana wapya, nguruwe wangekwisha zamani."

Bureimoa akaenda nyumbani, akashusha sanduku kutoka darini, akalileta, akalimwaga lote juu ya mkeka mbele ya jumba la mikutano. Plagi, springi, spana, nati za kila namna, nyaya, kamba, mafuta ya kulainisha. Akakaa nyuma yake, akakunja miguu.

Alianza mzee mmoja, akakaa ukingoni. "Nakuomba spana." Akapewa. Akaja mwingine. Mimi niliomba mkanda wa cherehani, nilikuwa nimeuhangaikia mwaka mzima, kumbe uko nyumba ya tatu. Kila aliyeomba alipewa, na kila kilipotoka kitu niliona uso wa Bureimoa unabanwa kidogo, kama mtu anayetolewa mwiba. Wa mwisho alikuwa Ruateki. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Shemeji, nakuomba kopo."

"La nini?"

"La tumbaku. Yangu hulowa."

Akampa. Hapo ndipo watu walipocheka tena, na safari hii na yeye alicheka, kwa shida.

Tukala. Nei Taoriba aliletwa, akakaa karibu na kaka yake, bado hamtazami, akamsogezea bakuli la asali ya mnazi kwa ule mkono mzima. Kichwa cha samaki mama alimpa Ruateki.

Baada ya chakula joto lilishuka, watu wakajinyoosha kwenye mabaraza kama kila Jumapili. Mama alilala kwanza, kisha Nei Taoriba. Ruateki aliegemeza kichwa tu akaanza kukoroma, kopo kifuani, mdomo wazi, kama mtu asiyekuwa na deni na bahari wala na mtu. Bureimoa alilala kando yake, macho kwenye makuti, akimsikiliza. Aliniambia kwamba hata usingizi ule alimwonea wivu. Aliuhesabu, pumzi moja moja, kama alivyohesabu mafunda, mpaka hesabu ikampotea, na yeye akalala.